Kutambua asali ya Tabora kwa harufu: ua gani, msimu gani, pori gani

Kila msimu wa kulina ukifika, maswali ni yaleyale. Mnunuzi anafungua ndoo, ananusa, anauliza: hii kweli ni ya Sikonge? Ni ya mtundu, ule mti wa pori la miombo, au ni ya maua mchanganyiko? Mbona ndoo mbili za mfugaji mmoja hazinukii sawa? Mfugaji anayeanza naye anataka kujua afanye nini ili asali yake ya porini isiuzwe kwa bei ya asali isiyojulikana ilikotoka. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya hao wote. Ukiwa na pua nzima, daftari na subira ya msimu mmoja, unaweza kuanza.

Jambo moja nakuomba ulishike tangu sasa. Kabla hujatafuta harufu ya ua, jifunze kuitambua na kuiweka kando harufu ambayo haikutoka kwenye ua. Asali nyingi ya mkoa wetu hupitia moshi, ndoo, ghala na jua kabla haijamfikia mnunuzi, na kila kimoja huacha alama yake. Wengi wanaosema "hii ni asali ya miombo, nimeijua kwa ukali wake" wamenusa moshi tu.

Nadharia kidogo, inayotosha kazi

Nyuki hukusanya mbochi, yaani maji matamu ya ua, na mbochi huja na kampaundi za harufu za ua lake. Ndani ya mzinga nyuki hupunguza maji, vimeng'enya hubadilisha baadhi ya kampaundi hizo, na masega yenyewe huongeza harufu ya nta na gundi. Katika asali za dunia zimeshatambuliwa kampaundi za harufu zaidi ya 600. Ni mara chache kampaundi moja pekee kutosha kutaja ua. Mfano unaojulikana ni methili anthranileti, inayoelekeza kwenye maua ya michungwa na ndugu zake. Kwa asali nyingine utambulisho uko kwenye mchanganyiko: ipi ni nyingi, ipi ni kidogo, ipi haipo kabisa. Kwa hiyo usitafute harufu moja iliyo muhuri wa Tabora. Tafuta mpangilio, kisha uulinganishe na asali unayoijua ilikotoka.

Wapimaji wa mafuta ya zeituni hufuata njia hiyohiyo. Zeituni likisagwa, vimeng'enya vyake hutengeneza heksanali na heksenali, zenye harufu ya majani mabichi, na viwango vyake hutofautiana kwa aina ya mzeituni, ukomavu wa tunda na mahali lilipokua. Wao huweka mafuta kwenye glasi yenye rangi ili macho yasidanganye pua, huifunika, na huipasha hadi nyuzi 28 za Selsiasi. Kufunika, kuweka joto moja kwa sampuli zote na kuficha rangi ni mambo tutakayoazima.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Sampuli za rejea zisizopungua sita, kila moja ukijua kijiji, mwezi na aina ya mzinga. Bila hizi usiendelee.
- Vikombe vidogo vya glasi vinavyofanana, na visahani vya kuvifunikia. Plastiki haifai, hushika harufu.
- Vijiko vya chuma kisichoshika kutu. Mwiko wa mbao uuache jikoni.
- Beseni la maji ya vuguvugu na kipimajoto.
- Karatasi ya kufunika vikombe ili usione rangi ya asali.
- Daftari, stika na kalamu isiyofutika kwa unyevu.
- Maji ya kunywa na vipande vya tufaha vya kusafishia kinywa.
- Sindano mpya ya bomba, ile ya duka la dawa, kwa jaribio la moshi.
- Mtu wa pili wa kukupangia vikombe bila wewe kujua kipi ni kipi.
- Kipima maji cha asali, ukiweza kuazima.

Chumba kiwe mbali na jiko. Kama nyumba iko jirani na bani, yaani kibanda cha kukaushia tumbaku, na wakati huo kuna tumbaku inayokaushwa, hamia kwingine siku hiyo. Harufu ya bani ni nzito, na pua ikishaizoea haitakwambia kwamba ipo.

Hatua kwa hatua

1. Kusanya rejea kwa mkono wako. Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote, nayo ndiyo inayorukwa zaidi. Nenda na wanaolina, au umkabidhi mfugaji unayemwamini vyupa safi na maelekezo. Chagua sega lililofunikwa kwa nta pande zote, lisilo na watoto wa nyuki wala chavua nyingi. Kata, acha asali idondoke yenyewe kwenye chupa ya glasi, jaza hadi karibu na mdomo ili hewa ibaki kidogo, funga.

Andika hapohapo, mizinga ikiwa bado mbele yako. Stika nzuri husomeka hivi: "Ipole, Sikonge. Juni, wiki ya pili. Mzinga wa gome. Moshi wa nyasi kavu. Sega lililofunikwa. Jirani: miombo, hakuna mashamba." Ukiandika "Sikonge, asali nzuri" hujaandika kitu.

Mwezi una uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika pori la miombo, miti ya Julbernardia huchanua kuelekea mwisho wa mvua, na Brachystegia, yaani mitundu, miyombo na jamaa zake, huchanua zaidi kati ya Septemba na Novemba, kabla mvua hazijashika. Asali ya katikati ya mwaka na ile ya mwisho wa mwaka zinaweza kutoka mzinga uleule na zikawa na maua tofauti kabisa. Ndiyo maana ndoo mbili za mfugaji mmoja hazinukii sawa, na mfugaji hajakudanganya.

Tembea pia kuzunguka mizinga uangalie kinachochanua. Nyuki hutafuta chakula kilomita mbili tatu bila shida, kwa hiyo shamba la alizeti ng'ambo ya korongo lina nafasi ndani ya chupa yako hata kama mzinga umetundikwa porini.

2. Hifadhi rejea vizuri. Zitie kwenye sanduku lenye giza, mahali penye ubaridi, zimefungwa. Chini ya bati la chumba kisicho na dari haziwezi kudumu: joto huzalisha furfurali na HMF (hidroksimethilifurfurali), kampaundi zinazotokana na sukari kuharibika, na harufu nyepesi za maua hupotea kwanza. Rejea ya mwaka juzi inakufundisha harufu ya uzee. Kila msimu weka mpya.

3. Andaa pua. Nusa asubuhi. Saa moja kabla usivute sigara, usinywe kahawa, usijipake manukato, na osha mikono kwa sabuni isiyonukia. Ukiwa na mafua, ahirisha.

4. Mimina na upashe. Vijiko viwili vya asali kwa kila kikombe, funika, acha nusu saa. Asubuhi za Juni na Julai hapa Tabora zina baridi, na asali ya baridi haitoi harufu. Weka vikombe kwenye maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 35, vyote kwa muda mmoja. Asali iliyoganda iyeyushe polepole kwa maji yasiyozidi nyuzi 40, kamwe usiiweke juu ya jiko. Vikombe viwili vyenye joto tofauti havilinganishwi, hata kama ni asali ya ndoo moja.

5. Nusa kwa utaratibu. Funua, chukua kijiko upake asali kwenye kuta za kikombe ili itandae, kisha vuta pumzi fupi mbili au tatu. Funika. Andika neno la kwanza lililokujia, hata kama ni "majani ya mwembe yaliyokauka" au "ubuyu". Usimsubiri mwenzako, usimwambie. Pumzika nusu dakika, rudia. Baada ya hapo weka kiasi cha ncha ya kijiko ulimini, funga mdomo, toa pumzi kwa puani. Harufu nyingine huja kwa njia hiyo tu, hasa za mbao na za karameli.

Sampuli sita kwa kikao zinatosha. Ukizidisha, ya saba utaiandikia maneno ya ya tatu.

6. Toa kwanza harufu zisizo za ua. Hapa kaa muda mrefu. Pitia kila moja na ujiulize kama ipo.

*Moshi.* Kampaundi yake kuu ya kukumbuka ni gwayakoli. Hunuka kuni zilizozimwa kwa maji, hubaki kooni baada ya kumeza, na hufunika maua yote. Kama una sega lenyewe, fanya jaribio hili: toboa kifuniko cha nta cha chumba kimoja kwa sindano mpya, vuta asali iliyo ndani, idondoshee kijikoni, nusa. Tone hilo lilikuwa limefungwa wakati wa kulina. Likiwa safi na ndoo ina moshi, basi moshi uliingia wakati wa kulina au kukamua, na ua bado linaweza kusomwa kutoka kwenye masega. Mfugaji naye unampa taarifa yenye faida: apunguze moshi, atumie bomba la moshi badala ya mwenge.

*Bani na ghala.* Asali iliyokaa chumba kimoja na tumbaku hubeba harufu tamu, kavu, ya jani lililokaushwa. Wengi huiita "ukomavu". Linganisha na rejea ya kijiji hichohicho iliyotunzwa nyumbani. Ikiwa rejea haina, hiyo ni harufu ya ghala.

*Chombo.* Ndoo iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia, sabuni au rangi haiachi kunuka. Nusa ndoo tupu ya aina hiyohiyo ikiwa imefungwa juani kwa saa moja, utaijua. Mafuta ya taa na vidonge vya nondo ndiyo mabaya zaidi. Ukivikuta, sampuli hiyo haina kazi tena, na mwenye mzigo aambiwe asiiuze.

*Kuchacha.* Harufu ya pombe, siki au ndizi iliyoiva kupita kiasi: ni ethanoli, asidi asetiki na esta. Sababu ni maji mengi, yaani asali imelinwa kabla nyuki hawajaifunika. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20. Kipima maji kitakuthibitishia.

*Kupikwa.* Sukari iliyoungua, mkate, karameli nzito isiyo na ua lolote juu yake. Codex inaruhusu HMF hadi miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali inayotoka nchi za joto. Pua haiwezi kutaja namba, lakini inaweza kukwambia kwamba sampuli hii ipelekwe kupimwa.

*Masega ya watoto.* Asali iliyokamuliwa pamoja na majana na chavua ina harufu ya nyama na uchachu wa unga. Haihusiani na pori.

Usipopita hatua hii, kila kitu utakachoandika baadaye kitakuwa maelezo ya namna asali ilivyolinwa.

7. Panga kilichobaki kwa makundi. Sasa gawa maneno yako. Maua laini, kama waridi: hapo huwa kuna fenilethanoli na fenilasetaldehidi. Maua yenye ukali wa ndimu au lavenda: linaloli na jamaa zake. Lozi na kokwa la tunda: benzaldehidi. Kimea na nafaka iliyokaangwa: 3-methilibutanali. Mbao, viungo na majani makavu viwe kundi lao. Huhitaji kukariri majina haya. Yanakusaidia kuongea na mtu wa maabara bila kila mmoja kuzungumza lugha yake. Kila kundi lipe alama kutoka 0 hadi 3.

8. Linganisha kwa mpangilio huu: msimu, uoto, mahali. Weka sampuli isiyojulikana katikati ya rejea mbili, moja unayodhani inafanana nayo na nyingine ya mbali. Uliza kwanza: inafanana na za katikati ya mwaka au za mwisho wa mwaka? Kisha uoto: pori la miombo la Sikonge, Urambo na Kaliua, au nchi ya migunga na mashamba kuelekea Igunga na Nzega? Mwisho ndipo uulize wilaya, na hapo uwe mwangalifu sana. Nyuki hawajui mpaka wa Sikonge na Uyui. Miombo ya pande zote mbili ni ileile, na pua peke yake haitazitenganisha. Anayedai kutaja kijiji kwa kunusa, mwekee vikombe vilivyofunikwa.

9. Fanya jaribio la vikombe vitatu. Mwenzako aweke asali moja kwenye vikombe viwili na nyingine kwenye kimoja, apange bila mpangilio unaoujua, abadilishe kila raundi. Kazi yako ni kutaja kilicho tofauti. Kwa kubahatisha tu utapata moja kati ya tatu. Fanya raundi sita. Ukipata tano au sita, anayebahatisha hufika hapo mara 2 hivi tu kati ya 100, na unaweza kuamini kwamba tofauti unaisikia. Nne kati ya sita bado: anayebahatisha hufika hapo au kupita mara 10 hivi kati ya 100. Hatua hii inawakera wenye uzoefu, kwa sababu inavunja heshima mbele ya watu. Ifanyeni hata hivyo, na mkubwa wa kikundi aanze.

10. Toa jibu kwa kiasi unachokijua. Majibu ni matatu: "inalingana na rejea za miombo za katikati ya mwaka", "hailingani", au "haisomeki, ina moshi". Usiandike "imethibitishwa ni ya Sikonge". Mnunuzi wa nje akikuta neno hilo na maabara yake ikasema vingine, anayeumia ni kikundi kizima.

Makosa yanayorudiwa

Jaribio la kiberiti, la tone kwenye maji na la sisimizi yaache. Kiberiti kuwaka baada ya kuchovywa kwenye asali hakukuambii ilikotoka wala kama ina sukari, na yote matatu huwapa watu uhakika wa uongo.

Usinuse kwenye kifuniko cha ndoo. Hapo hujikusanya mvuke, nta na harufu ya plastiki.

Usiruhusu mtu aseme jibu kwa sauti. Mzee wa kikundi akisema "mtundu", wote mtanusa mtundu.

Na asali ya nyuki wadogo wasiouma usiipime kwa rejea za nyuki wakubwa. Kwa asili yake ina maji mengi na uchachu, na kwa mtu asiyeizoea inaonekana imeharibika. Itengenezee rejea zake.

Ikikwama

*Sampuli zote zinanukia sawa.* Mara nyingi ni baridi au pua imechoka. Pasha tena, toka nje dakika kumi, anza na mbili tu zilizo mbali: moja ya miombo, moja ya alizeti.

*Leo inanukia hivi, jana ilinukia vingine.* Angalia joto la maji na saa mliyopimia. Kama vilikuwa sawa, rudia kwa kikombe kipya. Kilichokaa wazi usiku kucha kimepoteza harufu nyepesi.

*Haina harufu yoyote, tamu tu.* Inaweza kuwa imepikwa, imechujwa sana, nyuki walilishwa sukari, au imechanganywa. Pua haiwezi kuchagua kati ya hayo. Omba maabara ipime sukari za mimea ya kundi la C4, kama miwa na mahindi. Lakini jua kwamba kipimo hicho hakioni sharubati za mimea mingine.

*Wenzangu na mimi hatukubaliani.* Chukueni rejea moja, nuseni wote, mkubaliane neno moja la kuiita. Fanyeni hivyo kwa rejea zote sita kabla ya kurudi kwenye sampuli yenye ubishi. Kama bado mnagawanyika nusu kwa nusu, jibu ni "haisomeki".

*Mnunuzi anataka uthibitisho wa maabara.* Tayarisha chupa mbili pacha kutoka ndoo moja, zifunge mbele yake, moja ibaki kwako. Omba vipimo viwili kwa pamoja. Kimoja ni cha chavua, maana chembe zake zikihesabiwa kwa darubini huonyesha mimea iliyokuwa jirani. Kwa maua mengi hutumika kigezo cha asilimia 45 ili asali iitwe ya ua moja, ingawa yapo maua yanayotoa chavua kidogo au nyingi kupita kawaida. Kingine ni cha harufu kwa mashine ya GC-MS, ambapo uzi mwembamba hukusanya mvuke juu ya asali, kisha mashine hutenganisha kampaundi moja moja. Uliza kabla ya kulipa: mna rejea za asali ya miombo za kulinganishia? Wakisema hawana, wapelekee na zako, zikiwa na stika zilizojazwa kama ile ya Ipole.